UZI: Binti yangu aliacha kula, tukasema ni ucha Mungu

MamaCherehani

Assalam aleykum, habari za jioni wakuu. Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara nyingi. Binti yangu kausoma kabla sijaubandika, kaniambia nitoe sehemu mbili, nimezitoa. Sitataja kilo zake wala kiasi alichokuwa akila, kwa kuwa wapo wasichana humu watakaoiona ile namba na kuanza kushindana nayo. Namba nitakazotaja ni za utafiti, maana ndizo zilizonitoa gizani.

Mimi ni fundi cherehani, Tanga. Sketi ya shule ya binti yangu niliipunguza kiuno mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Mara ya kwanza nikasema mtoto anarefuka. Ya pili nikalaumu chakula cha bweni. Ya tatu nilimzungushia futi, nikasoma, nikairudia nikidhani imejikunja nyuma. Haikuwa imejikunja. Alikuwa na miaka 15.

Kwa muda mrefu nilikuwa nikiwaambia watu kwamba yalianza Ramadhani. Alifunga mwezi mzima, akaunganisha sita za Shawwal, kisha Jumatatu na Alhamisi, kisha siku ambazo hazina hata jina. Tulimsifu nyumba nzima. Bibi yake alimfanya mfano kwa wajukuu wengine. Baadaye sana, nikiwa nimekaa kwenye benchi la hospitali, ndipo nilipopiga hesabu: mtoto wa kike aliyevunja ungo kafunga mwezi mzima bila kukatizwa na siku zake, hana deni hata la siku moja, na mimi mama mtu sikujiuliza kwa nini. Ramadhani ilimkuta tayari anaumwa. Ilimpa tu mahali pa kujificha.

Na sinia nalo lilimficha. Sisi watu wa pwani tunakula pamoja, na kwenye sinia hakuna anayehesabu matonge ya mwenzake. Yeye ndiye aliyepakua, yeye ndiye aliyenyanyuka kufuata maji, pilipili, ndimu. Akirudi, sinia limekwisha, kila mtu anajua amekula.

Tulipima TB, tukapima virusi, tukapima mimba (nilimwomba radhi kwa hili), sukari, na tezi ya shingo. Vyote safi. Hospitali moja tuliambiwa mtoto anadeka, tumchape kidogo atakula. Tukampeleka kwa sheikh akasomewa. Yule mzee, Mungu amzidishie, alimtazama akamwambia mbele yangu: "Mwanangu, mgonjwa hana saumu. Aya iko wazi. Wewe ni mgonjwa." Ndiye mtu wa kwanza kulitamka neno hilo.

Wiki iliyofuata alianguka akitoka kuoga. Mapigo ya moyo wake yalikuwa ya mtu aliyelala fofofo, naye yuko macho. Akalazwa.

Wifi yangu ni muuguzi Uingereza. Siku hiyo alinipigia akaniuliza maswali manne tu: anahisi baridi? anapenda kupika? anakasirika ukimgusia chakula? anajitenga? Yote ndiyo. Tanga, mwezi wa kwanza, joto la kuchemsha yai, na binti yangu amevaa sweta. Alikuwa akipikia nyumba nzima, anaangalia video za mapishi hadi usiku wa manane, na chake hakionekani. Wifi akaniambia, "Hayo yana jina. Yanaitwa anoreksia, maradhi ya kujinyima chakula. Na kabla hujamlaumu mtoto, nikusimulie habari ya vijana wa Minnesota."

Naendelea hapo chini.

MamaCherehani

Mwaka 1944 vita vya pili vya dunia vilikuwa vinaelekea ukingoni na Ulaya imejaa watu wenye njaa. Namna bora ya kuwarudisha watu wa aina hiyo kwenye afya ilikuwa haijulikani vizuri. Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, akatafuta vijana wa kujitolea. Akawapata 36, wanaume watupu, wazima wa mwili na akili, waliokataa kubeba silaha kwa ajili ya dhamiri zao wakataka kuutumikia ulimwengu kwa njia nyingine. Wakawekwa vyumba vya chini ya uwanja wa mpira wa chuo. Miezi mitatu wakala kawaida. Miezi sita iliyofuata wakapewa kama nusu ya chakula chao, huku wakitakiwa kutembea kilomita zipatazo 35 kwa wiki. Walipoteza karibu robo ya uzito wao.

Sasa tazameni yaliyowapata kichwani. Walianza kukusanya vitabu vya mapishi, watu ambao hawakuwahi kupika. Walikatakata chakula vipande vidogo vidogo wakakifanya kidumu mezani. Walilamba sahani. Walihisi baridi. Walikasirika kwa jambo dogo, wakajitenga, hamu ya wanawake ikawatoka, kitabu hawawezi kukimaliza. Mmoja alijikata vidole kwa shoka na baadaye hakuweza kusema kama alikusudia au la.

Nilipofika hapo nililia. Sijui vijana hao walifanana nini na binti wa kidato cha pili Tanga, lakini yote aliyokuwa akiyafanya, yale niliyoyaita kiburi, ukaidi na unafiki, yalikuwa pale. Na hao hawakuogopa kunenepa. Hawakuwa na ugonjwa wowote wa ulaji walipoingia. Njaa peke yake iliwafanya vile.

Simaanishi anoreksia ni njaa tu. Kuna kitu kinachomfanya mtu mmoja aanze kujinyima na ashindwe kuacha, na mwenzake afunge mwezi mzima kisha Idi ale biriani kwa furaha. Mwaka 2019 watafiti walitoa matokeo ya kupima vinasaba vya wagonjwa 16,992 wa anoreksia, wakawalinganisha na watu zaidi ya 55,000 wasio wagonjwa. Walipata sehemu nane za vinasaba zinazohusiana nayo, na uhusiano wenyewe hauishii kwenye akili, unafika hadi kwenye namna mwili unavyotumia chakula. Waliopimwa walikuwa wa asili ya Ulaya. Damu ya watu wetu haimo kwenye hesabu hiyo, na hilo linaniuma, kwa sababu tiba ya kesho inatengenezwa kutokana na damu iliyopimwa leo.

Ila Minnesota ilinifundisha jambo moja lililobadilisha nyumba yangu. Nilikuwa nasubiri binti yangu aelewe ndipo ale. Kumbe inabidi ale ndipo aelewe. Ubongo wenye njaa hausikii nasaha.

BahariaPangani

Mama pole sana, na ahsante kwa kufunguka. Lakini nisaidie. Mimi siku zote nimejua haya ni maradhi ya Wazungu na wanamitindo. Kwetu mwanamke mwenye mwili ndiye anayesifiwa. Hili limeingiaje Tanga?

MamaCherehani

Kaka, nami nilifikiri hivyo hivyo, na ndiyo maana nilichelewa.

Visiwa vya Fiji navyo vilikuwa vinasifu miili mikubwa kama sisi. Katika eneo la Nadroga, televisheni iliingia mwaka 1995. Anne Becker wa Harvard aliwahoji wasichana wa shule mwaka huo, akawahoji wengine wa rika lile lile 1998. Mwaka 1995 hakuna aliyesema anajitapisha ili apungue. Miaka mitatu baadaye walikuwa asilimia 11.3. Hiyo ni televisheni tu, simu za viganjani hazijafika.

Lakini uliponiuliza kuhusu kwetu, utafiti unaonigusa zaidi ni wa Ghana, uliochapishwa 2004. Walichunguza wasichana 668 wa sekondari, wakawakuta 10 wanaojinyima chakula kweli kweli. Wale 10 hawakuzungumzia unene. Walizungumzia dini, kufunga, na kujitawala nafsi. Daktari anayekuja na swali moja tu la "unaogopa kunenepa?" angewapita wote kumi. Na binti yangu angempita, maana mwanzoni hata yeye hakusema unene. Alisema anataka kuwa safi.

BabaWatatu

Naomba kuuliza bila kuumiza mtu. Mimi na mama watoto tuligombana sana mwaka juzi, tukaachana kwa muda. Binti yetu mkubwa ndipo alipoanza mambo haya. Mshauri mmoja alituambia chanzo ni sisi. Tangu hapo nashindwa hata kumtazama usoni. Je, ni sisi?

MamaCherehani

Baba, hili swali nimelala nalo miezi mingi, kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu.

Mwaka 1874 daktari wa London, William Gull, ndiye aliyeyapa maradhi haya jina la anorexia nervosa. Aliandika kwamba wagonjwa walishwe kwa saa maalumu, na kwamba ndugu na jamaa kwa kawaida ndio wauguzi wabaya kuliko wote. Paris, daktari Charcot naye alitaka mgonjwa atengwe kabisa na wazazi. Miaka mia moja baadaye, Marekani, mtaalamu wa tiba ya familia Salvador Minuchin akaiita familia nzima mezani wale pamoja mbele yake, na hiyo ilikuwa hatua kubwa, lakini bado alifikiri ni aina fulani ya familia inayozalisha maradhi. Kwa hiyo ulichoambiwa na mshauri wako kina umri mrefu. Umri haukifanyi kuwa kweli.

Waliobadilisha mambo ni watu wa hospitali ya Maudsley, London. Gerald Russell na wenzake, mwaka 1987, walichapisha matokeo ya wagonjwa 80 waliokwisha kurudishiwa uzito hospitalini. Wengine walipewa tiba pamoja na familia, wengine tiba ya mtu mmoja mmoja. Waliougua wakiwa vijana, na maradhi hayajavuka miaka mitatu, walifanya vizuri zaidi walipotibiwa pamoja na wazazi wao. Mwaka 2010 huko Marekani wakalirudia jambo hilo kwa vijana 121: baada ya mwaka mmoja tangu tiba iishe, asilimia 49 ya waliotibiwa kwa njia ya familia walikuwa wamepona kabisa, na wale wa tiba ya peke yao asilimia 23.

Tiba hiyo inaanza kwa kumwambia mzazi maneno ambayo hakuna aliyewahi kuniambia: hatutafuti nani alisababisha, hakuna anayejua, na wewe ndiye tunayekuhitaji. Mtazame binti yako usoni, baba. Anakuhitaji mezani.

Nami sitakuficha kwamba 49 si 100. Wapo wanaofanya kila kitu na mtoto bado anaumwa, na hao hawakukosea.

Tabibu wa Zamu

Wakuu, mimi ni tabibu kituo cha afya. Kabla watu hawajakimbilia jikoni naomba mnisikilize, maana hapa ndipo mtu anapoweza kumuua mgonjwa kwa upendo.

Mwili uliokaa na njaa muda mrefu huwa umemaliza akiba ya fosfeti, potasiamu na magnesiamu, ingawa kipimo cha damu kinaweza kuonyesha hali ya kawaida. Ukimpa chakula kingi ghafla, insulini inapanda, inayavuta madini hayo kutoka kwenye damu na kuyaingiza ndani ya seli. Damu inabaki bila fosfeti. Moyo unayumba, pumzi inakatika. Madaktari waliliona hili kwa mateka waliokombolewa kwenye vita hivyo hivyo vya pili. Hatari ni kubwa zaidi siku za mwanzo za kulishwa.

Kwa hiyo aliyekaa zaidi ya siku tano bila kula chochote cha maana, au aliyeshuka uzito kwa kasi, hospitali kwanza. Mwombeni daktari apime madini, sukari, shinikizo akiwa amelala na akiwa amesimama, na kipimo cha umeme wa moyo (ECG). Vitamini B1 itolewe kabla ya kuanza kumlisha. Kijana ambaye mapigo ya moyo wake ni chini ya 50 kwa dakika mchana, au anayezimia, huyo ni wa kulazwa hata kama anakuambia yuko sawa. Na msidanganywe na mwili. Mtu mnene aliyepungua kwa kasi anaweza kuwa kwenye hatari ile ile.

MamaCherehani

Tabibu ahsante, Mungu akulipe. Ndivyo tulivyofanyiwa. Siku kadhaa za kwanza alilishwa hospitalini kidogo kidogo huku akipimwa damu. Hakuja jikoni kwangu mpaka daktari aliporidhika.

Kilichofuata nyumbani ni kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Tiba yenyewe ina awamu tatu, na kwa kawaida huongozwa na mtaalamu kwa vikao vipatavyo 20. Sisi tulimpata daktari wa afya ya akili mara moja kwa mwezi, na wifi kwenye simu kila Jumapili.

Awamu ya kwanza, wazazi wanashika chakula chote. Nilimtoa jikoni. Hapikii mtu, hapakui, hachagui. Nikaondoa sinia, kila mtu sahani yake. Milo mitatu na vitafunio mara tatu, na mimi nimekaa pembeni yake: uji wa ulezi wenye karanga, chapati na maharage ya nazi, wali na samaki wa kupaka, ndizi, parachichi. Mwili unaojijenga unahitaji zaidi ya kile tunachoona ni cha kawaida. Keys aliwakuta vijana wake wakihitaji kalori zipatazo 4,000 kwa siku ili warudi. Kwa hiyo tui la kwanza liliingia kwenye kila kitu.

Mezani nilikuwa na sentensi moja tu: "Najua unaogopa. Kula hili." Sikubishana kuhusu mwili, sikuhesabu, sikumhonga, sikupiga kelele. Tuseme ukweli, nilipiga kelele mara mbili na mara zote mbili maradhi yalishinda. Mume wangu ni dereva wa lori, amezoea kutoa amri. Siku ya tatu alitupa sahani ukutani. Usiku akaja akakaa sakafuni karibu na kitanda cha binti yake akasema, "Sina hasira na wewe. Ninaogopa." Kuanzia hapo akiwa safarini anapiga simu saa ya chakula, naiweka mezani kama mgeni.

Mlo mmoja ulichukua saa mbili na nusu. Uji ulipoa, nikaupasha, ukapoa tena. Cherehani ilikaa kimya wiki sita, wateja wakaenda kwa fundi mwingine.

Baada ya kula haachwi peke yake kwa saa nzima. Tulikuwa tunafumua pindo na kutia vifungo. Alikuwa analia huku anatunga uzi kwenye sindano.

Wataalamu hufundisha kutenganisha mtoto na maradhi, kwamba anayekataa si yeye. Kwetu hapa neno hilo lina mtego. Ukimwambia bibi "si yeye anayesema" kesho yake kuna mtu wa kupunga pepo mlangoni. Kwa hiyo sisi tulisema maradhi, basi. "Maradhi yanakuambia usile. Mama anakuambia kula."

Na jambo jingine ambalo silioni likiandikwa kwa ajili yetu. Wiki ya tano jirani aliingia akamwona, akafurahi kwa moyo wote: "Maashallah, umenenepa!" Kwetu hiyo ni salamu ya mapenzi. Binti yangu alikataa chakula siku nne. Nilizunguka nyumba saba mtaani nikiwaomba watu: msiseme amenenepa, msiseme amenawiri, msiutaje mwili kabisa. Muulizeni masomo. Wengine walinishangaa, lakini walishika.

Awamu ya pili unamrudishia uamuzi kidogo kidogo. Alianza na kuchagua kitafunio cha saa kumi. Awamu ya tatu ni kuzungumza yale ya ujana yaliyokuwa yamefunikwa. Tumefika huko, mwezi wa kumi na moja sasa. Siku zake zimerudi. Shule ameanza ya kutwa. Ramadhani iliyopita hakufunga, alilisha maskini, na sheikh yule yule alikuja kukaa naye siku ya kwanza.

Nyota_Gizani

Shikamoo mama. Shikamoo tabibu. Nimesoma uzi huu mara tatu. Mimi nina miaka 24, naishi peke yangu, sina mwili mwembamba, kwa hiyo hakuna anayejua. Mchana sili. Usiku nakula mpaka naumia, halafu natapika. Miaka minne. Sina mama wa kukaa nami mezani. Kwa mtu kama mimi kuna tiba?

Tabibu wa Zamu

Marahaba dada. Ipo, na kwa tatizo lako ushahidi wake ni mzuri.

Hiyo ni bulimia. Russell yule yule aliyetajwa hapo juu ndiye aliyeieleza mwaka 1979. Tiba yake kuu kwa watu wazima ni ya mazungumzo, inayoshughulika na fikra na tabia, iliyokuzwa na Christopher Fairburn wa Oxford, kama vikao 20 kwa miezi mitano. Haihitaji familia. Na inaanzia pale pale kwa vijana wa Minnesota: kula kwa njaa usiku kunazaliwa na kujinyima mchana. Kwa hiyo jambo la kwanza haliwi kuacha kula usiku. Jambo la kwanza ni kula asubuhi, mchana, jioni na vitafunio katikati, usikae zaidi ya muda wa saa nne bila kula kitu, hata kama jana usiku mambo yaliharibika. Unaandika daftari la ulichokula na ulichokuwa unahisi. Dawa ya fluoxetine nayo husaidia, kwa kipimo cha miligramu 60, kikubwa kuliko kile cha sonona, na lazima daktari akuandikie.

Lakini kabla ya vyote, kesho nenda kapime potasiamu na ECG. Kutapika kunaishusha potasiamu na moyo haukupi taarifa.

MamaCherehani

Marahaba mwanangu. Miaka minne isikutie hofu. Kuna wanawake waliofuatiliwa Boston kwa miaka 22, matokeo yakatoka 2017. Kwenye mwaka wa tisa, waliokuwa na shida kama yako asilimia 68 walikuwa wamepona. Wa anoreksia walikuwa 31 tu, lakini kufika mwaka wa 22 nao walikuwa karibu 63. Watu walipona baada ya miaka kumi na zaidi, wakati ndugu zao wameshakata tamaa.

Huna mama wa mezani? Niandikie kwa ujumbe wa faragha saa saba mchana nitakapokuwa nakaa na binti yangu. Tutakula watatu.

Nyota_Gizani

Nimeenda. Potasiamu iko chini, nimepewa dawa na narudi Alhamisi kupimwa tena. Daktari hakunicheka. Nilimwambia kila kitu.

MamaCherehani

Alhamdulillah. Saa saba inakaribia. Sisi leo ni wali na mbaazi za nazi. Wewe umeandaa nini?